Maveterani wa Marekani na magonjwa ya moyo: kama hela sio kikwazo, pengo linatoka wapi?

mtafiti_mchanga

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo maana kichwa kimegoma. Niko Marekani nasoma PhD ya afya ya jamii na nimeshaamua utafiti wangu utakuwa wa magonjwa ya moyo kwa maveterani, yani watu waliotumikia jeshi la Marekani wakatoka. Kwa msiofahamu, hawa wana wizara yao kabisa inaitwa VA, ina hospitali kama 170 na zahanati zaidi ya elfu moja nchi nzima, walioandikishwa wanazidi milioni 9. Sio kadi ya bima ya kwenda nayo popote, ni hospitali zao wenyewe, madaktari wanalipwa na serikali, dawa mtu anachangia kama dola 5 mpaka 11 kwa mwezi kwa kila dawa, na ambaye ulemavu wake uliotokana na jeshi umepimwa 50% kwenda juu halipi kitu.

Sasa ndo linapoanza tatizo langu. Miaka yote tumefundishwa mtu mweusi Marekani anaumizwa na moyo zaidi kwasababu bima hana, au anayo ila mbovu, dawa ghali, hospitali nzuri ziko mbali. Nikasema sawa, ngoja niende pale ambapo hela imetolewa njiani nione kinachobaki ni nini. Nimekuta vitu vinavyopigana vyenyewe kwa vyenyewe. Kuna utafiti wa 1994 wa wagonjwa wa shambulio la moyo ndani ya VA, weusi walikuwa na nafasi pungufu kwa 33% ya kupitishwa katheta (mrija mwembamba unaoingizwa mshipani mpaka kwenye moyo kuangalia palipoziba) na pungufu kwa 54% ya kufanyiwa baipasi (upasuaji wa kuipa damu njia nyingine pale mshipa ulipoziba) ukilinganisha na weupe. Nikasema haya pengo hili hapa. Nikageuza ukurasa, vifo vya ndani ya siku 30 weusi walikuwa na nafuu, na baada ya mwaka na miaka miwili wako sawa! Alafu 2015 ukatoka mwingine wa maveterani zaidi ya milioni 3, weusi walikuwa na vifo pungufu kwa 24% baada ya kuweka sawa umri na magonjwa mengine, wakati kwa raia wa kawaida mwelekeo ulikuwa kinyume kabisa. Na katikati hapo kuna wa 2011 unasema huduma za VA zimeboreka kwa wote ila kwenye kudhibiti presha, sukari na kolesto weusi bado wako nyuma.

Kwahiyo pengo lipo au halipo? Msimamizi wangu kasema swali langu ni pana mno, nilipunguze ndo nirudi. Nilipunguzie wapi? Na data za VA mtu wa nje anazipataje, maana mimi sio raia pia.

kimbilio_data

Dada karibu. Nimefanya kazi na data za VA muda mrefu kidogo kwahiyo nikuambie ukweli, hapo huna swali moja, una matatu yamefungwa pamoja. Nani anaumwa, nani anatibiwa, na nani anakufa. Hayo hayaendi pamoja hata siku moja na ndo maana unaona tafiti zinapigana, hazipigani, kila moja inaangalia sehemu yake.

Kabla ya yote jiulize nani yuko ndani ya VA. Jeshini mtu anapimwa afya kabla ya kuchukuliwa, mwenye moyo mbovu anarudishwa nyumbani siku hiyohiyo, kwahiyo wote unaowasoma walikuwa wazima wakiwa vijana. Alafu kuandikishwa VA kunapangwa kwa makundi ya kipaumbele 1 mpaka 8, wenye ulemavu mkubwa wa kazi wako juu, wengine wanaingia kwa kipato kidogo. Na maveterani wote wako kama milioni 18, ukiona walioandikishwa milioni 9 maana yake nusu wako nje, wana bima za makazini au wameamua tu kutokwenda. Mzungu mwenye hela anaweza kuwa nje huko, mweusi mwenye uwezo uleule akawa ndani kwasababu nje hakuona pa kukimbilia, ukiwalinganisha waliomo ndani tu unalinganisha watu walioingia kwa milango tofauti. Sisemi ile 24% ni uongo, nasema usiiweke yote kwenye akaunti ya VA.

La pili, na hili ndo linaangusha wanafunzi wengi. Mtu akipata shambulio la moyo usiku gari la wagonjwa halimuulizi wewe ni veterani, linampeleka hospitali iliyo karibu. Anawekewa stenti kule, yani kibomba cha kuuacha mshipa wazi. Kwenye rekodi za VA huyo mtu hana stenti! Na akishafika 65 ana Medicare pia, bima ya serikali ya wazee, kwahiyo anaweza kuwa na daktari wa moyo wa Medicare na dawa anachukua VA kwasababu ni rahisi. Tafiti zilizohesabu kilichofanyika ndani ya kuta za VA peke yake zilikuwa zinahesabu nusu ya hadithi. Ikaja sheria ya MISSION ya 2018, ilianza kutumika Juni 2019, kwamba kama kumfikia bingwa ni mwendo wa gari zaidi ya dakika 60 au kusubiri zaidi ya siku 28 una haki ya kutibiwa nje na VA ikalipa. Kwahiyo kuanzia hapo vipimo vingi vya moyo vimehamia nje, na ukichora grafu ya katheta ndani ya VA utaona inashuka ukadhani huduma imekufa kumbe imehama. Lazima uunganishe data za VA, madai ya malipo ya hospitali za nje, na Medicare. Bila hivyo vitatu usianze kabisa.

Kuzipata sasa. Ghala lao kubwa linaitwa CDW na unafanyia kazi ndani ya mazingira yao yanaitwa VINCI, hutoi faili la mgonjwa ukaliweka kwenye laptop yako, sahau. Unahitaji mtafiti wa VA akubali kukusimamia, upewe nafasi isiyo na mshahara, upite kamati ya maadili, mafunzo ya usiri, alama za vidole. Ni miezi mingi, panga hivyo. Ajira za kawaida za serikali kuu zinataka uraia ila kwa watafiti kuna njia, uliza mapema kabisa maana wengine wanagundua wakiwa wameshaandika pendekezo zima.

Wakati unasubiri, tumia data za wazi. BRFSS ni mahojiano ya simu, watu zaidi ya laki nne kila mwaka, kuna swali la kama umewahi kutumikia jeshi, kuna kama umewahi kuambiwa una ugonjwa wa moyo. Bure unapakua leo. Udhaifu wake ni kwamba kila kitu ni mtu kasema mwenyewe. NHANES, utafiti mwingine wa serikali, wao wanampima mtu presha na damu kweli, ila maveterani wanakuwa wachache mpaka uunganishe miaka kadhaa. Na hizo zina wale nusu wasiotumia VA, ambao watafiti wa VA wenyewe hawawaoni.

bwana_shaka

Swali dogo tu. Nani kasema kufanyiwa katheta pungufu ni kuonewa? Kuna utafiti unaitwa COURAGE wa 2007, wagonjwa 2,287 wa moyo ulio tulivu, VA yenyewe ilikuwa mdhamini mkubwa, ilionyesha kuweka stenti juu ya dawa nzuri hakukupunguza vifo wala mashambulio ya moyo kuliko dawa nzuri peke yake. Inawezekana kabisa weupe walikuwa wanapasuliwa bila sababu na weusi wakaponea kwenye ubaguzi. Hiyo 1994 ukiisoma hivyo inaeleweka.

kimbilio_data

Mkuu hoja nzuri ila usiinyooshe sana. COURAGE ni wa moyo tulivu, yule aliyeziba mshipa ghafla na kipimo cha moyo kinaonyesha ni mwingine kabisa, huyo kila dakika inahesabika na stenti inaokoa. Na wagonjwa wa 1994 walikuwa wa shambulio la moyo tayari. Ila nakubaliana nawe kwamba kuhesabu upasuaji bila kuangalia nani alikuwa anauhitaji ni utafiti wa kivivu, dada andika hilo mahali.

nesi_wa_zamu

Mimi ni nesi wodi ya moyo, sio VA, ila maveterani napokea sana hasa hao wanaoletwa na gari la wagonjwa kama alivyosema mkuu hapo juu. Naona wote mmeongea wanaume tu. Kuna maveterani wanawake kama milioni 2 na ndo kundi linalokua haraka.

Mjue hata msingi wa tiba ya presha tunayotoa leo duniani ulitoka VA. Daktari Edward Freis na wenzake, matokeo ya 1967 na 1970, ndo walioonyesha kwa mara ya kwanza kwa majaribio ya kueleweka kwamba ukimtibu mtu presha unamkinga na kiharusi na moyo kushindwa kufanya kazi. Kabla ya hapo kulikuwa na madaktari wanaamini presha ya juu iachwe mwili unaihitaji! Wagonjwa 143 ule wa kwanza, 380 ule wa pili. Wote wanaume. Sio kosa la Freis, jeshi lenyewe lilikuwa hivyo, ila kliniki zote zilijengwa juu ya picha ya mgonjwa mwanaume mzee wa vita vya Vietnam na bado picha hiyo iko vichwani. Mama wa miaka 44 akija anasema kifua kinabana, kichefuchefu, kachoka vibaya, na faili linasema ana PTSD (msongo wa akili unaobaki baada ya mambo mazito kama vita), kila mtu anaandika wasiwasi. Maumivu ya kifua anayo kama mwanaume tu, ila hayo mengine aliyokuja nayo ndo yanamfanya asisikilizwe.

Sasa dada nikupe kitu ambacho sioni watu wengi wakikiongelea. VA kwa kawaida hawazalishi. Mama akipata mimba VA inamlipia lakini kliniki ya ujauzito na kujifungua kote ni hospitali za nje. Kama alipata presha ya mimba au kifafa cha mimba (nahesabu na ile hatua ya kabla ya degedege, pre-eclampsia), hiyo habari iko kwenye kompyuta ya hospitali ya nje. Na sisi tunajua kabisa mwanamke aliyepata kifafa cha mimba hatari yake ya ugonjwa wa moyo baadae inakuwa kama mara mbili ya mwenzake, miongozo ya kolesto ya 2018 imemtaja waziwazi kama mtu wa kuangaliwa zaidi. Anarudi VA na mtoto mgongoni, daktari wake anapima presha iko sawa siku hiyo, anamwambia uko vizuri mama. Nani atamuuliza mimba ilikuwaje? Miaka kumi baadae anakuja kwangu.

Na weusi ndo wanapata zaidi hiyo presha ya mimba, kwahiyo hapo una jinsia na rangi pamoja. Kuna waratibu wa uzazi VA na tangu 2023 wanamfuatilia mama mpaka miezi 12 baada ya kujifungua, zamani walikuwa wanamwachia wiki chache tu. Fikiria hapo.

kota_msafi

Salamu. Mimi mwenyewe ni veterani, nilihamia Marekani kijana nikaingia jeshini kupata uraia na shule, nimetoka salama namshukuru Mungu. Nawasoma tu ila kuna mambo nadhani mtu wa vitabu hawezi kuyaona.

Moja hiyo sanduku ya rangi. Mimi nikijaza naweka mweusi, na mzee wa Alabama ambaye baba yake na babu yake wametoka hapo hapo anaweka mweusi. Kwenye kompyuta yako tuko sawa. Yeye mji wa Tuskegee ana historia nao, kuna hospitali ya maveterani weusi ilifunguliwa pale 1923 kwasababu kwingine walikuwa wanatengwa, na ni mji huohuo ambao serikali kuanzia 1932 mpaka 1972 ilikaa inaangalia wanaume weusi wenye kaswende bila kuwapa dawa, hata penisilini ilipokuwa imeshapatikana. Huyo mzee ukimwambia saini hapa tukuingize katheta kwenye moyo anaenda kwanza kumuuliza mchungaji wake. Mimi nilikuja juzi, nasaini. Ukiona mgonjwa amekataa upasuaji usiandike tu kakataa, jua kakataa kwa sababu gani na kaelezwa na nani.

Pili, hizi diagnosisi zina pesa nyuma yake na sisemi vibaya, ni haki zetu. Mishipa ya moyo kuziba iliingizwa 2010 kwenye orodha ya magonjwa ambayo veterani wa vita vya Vietnam aliyekuwa kwenye Agent Orange (sumu ya kuua mimea iliyomwagwa na jeshi kule) anahesabiwa ameyapata kutokana na jeshi bila kutakiwa kuthibitisha. Presha ikaongezwa na sheria ya PACT Agosti 2022. Sasa ukiona kwenye data zako presha kwa wazee imepanda ghafla baada ya 2022 usiandike kwamba kuna janga, watu wameambiwa na wenzao kwenye vikao nenda kapime uandikishwe. Mzee ambaye alikuwa na presha miaka yote bila kusema ndo kaonekana leo. Na aliye na msaidizi mzuri wa kujaza madai anaonekana mapema kuliko asiye naye, hilo nalo ni pengo.

Tatu PTSD hiyo msiiache kwa watu wa akili tu. Kuna utafiti wa mapacha waliokuwa jeshini enzi za Vietnam, ulitoka 2013, wenye PTSD 22.6% walipata ugonjwa wa moyo na wasio nayo 8.9%. Mapacha, damu moja, nyumba moja! Usingizi wetu ni mbovu, wengi wanavuta, unashtuka saa tisa usiku moyo unakwenda mbio, hiyo ukifanya miaka 30 mwili unalipa. Ila jeshini umefundishwa kumeza maumivu na kusema niko sawa sajenti, ukitoka unaendelea kusema niko sawa daktari. Fomu ya kliniki inayouliza kwa scale ya 1 mpaka 10 kifua kinauma kiasi gani, jamaa anaandika 3 na huyo anakufa.

bwana_shaka

Kota hapo kwa mapacha umenimaliza. Nafuta kiburi changu nusu.

mtafiti_mchanga

Jamani asanteni sana, nimesoma mara mbilimbili. Ya nesi imenikaa. Nafikiria hivi, niache kabisa kuuliza kama weusi wanakufa zaidi au la, niangalie maveterani wanawake waliojifungua kwa kulipiwa na VA, waliopata presha ya mimba au kifafa cha mimba, alafu nione nani alipimwa presha tena ndani ya mwaka mmoja, nani habari yake iliingia kwenye faili lake la VA, nani alianzishwa dawa alipohitaji. Kwa rangi, na kwa wanaoishi vijijini maana kama robo ya maveterani wako vijijini. Na hiyo 2023 inanipa kabla na baada. @kimbilio_data hii inawezekana au najidanganya?

kimbilio_data

Inawezekana na ni nzuri kuliko ile ya kwanza kwa mbali. Uzuri ni kwamba hospitali ya nje ikitaka kulipwa lazima itume madai yenye msimbo (code) wa ugonjwa, kwahiyo kifafa cha mimba utakiona kwenye madai hata kama hakuna daktari wa VA aliyewahi kukisoma. Hapo ndo penye utamu, unalinganisha madai yanavyosema na faili la daktari linavyosema. Mama ambaye VA kama mlipaji inajua alipata kifafa cha mimba na VA kama daktari haijui. Ukihesabu hao tu una makala yako ya kwanza.

Shida zake nazo zipo. Kuna waliojifungulia bima ya mume au ya kazini, hao hutawaona, na sio wachache. Misimbo ya malipo inaandikwa na watu wa bili, presha ya mimba nyepesi inarukwa. Na baada ya mwaka mmoja hutaona shambulio la moyo lolote kwa mama wa miaka 32 kwahiyo usiahidi matokeo ya vifo, ahidi vipimo na udhibiti wa presha, basi. Hiyo kabla na baada ya 2023 kuwa mwangalifu pia, kabla yake kuna miaka ya korona ambapo watu hawakuwa wanakuja kliniki, ukichukua 2020 kama kawaida yako utaona maajabu ya maendeleo ambayo hayapo. Tafuta kundi la kulinganisha, mfano akina mama waliojifungua bila presha miaka hiyohiyo.

Na ongeza mahojiano, hata watu 20. Alichosema kota kuhusu kukataa na kusema niko sawa, hakuna msimbo wake kwenye kompyuta.

nesi_wa_zamu

Nikuongezee, kwenye mahojiano usiwahoji madaktari wa moyo, wahoji hao waratibu wa uzazi na manesi wa kliniki za wanawake. Wao ndo wanashika simu. Na waulize akina mama nani aliwaambia kwamba mimba ile ina uhusiano na moyo wao, nakuhakikishia wengi watasema hakuna. Alafu swali la dawa, wengi wakiwa bado wanazaa madaktari wanaogopa kuwaandikia statini (dawa za kolesto) na baadhi ya dawa za presha, mara nyingine kwa sababu ya msingi kabisa maana kuna dawa za presha zinadhuru mtoto tumboni. Kwahiyo asiyepewa dawa usimhesabu moja kwa moja kama kanyimwa.

kota_msafi

Na ukimaliza usikae na matokeo chuoni. Kuna ule mradi wa Los Angeles uliotoka 2018, sio wa maveterani lakini usome, wafamasia walienda kwenye vinyozi 52 vya wanaume weusi wakawatibu presha palepale, ile namba ya juu ya presha ikashuka kwa 27, wale waliopewa ushauri tu na kinyozi kushuka 9. Akina mama wetu nao wana mahali pao wanapokaa, saluni, makanisa, vikundi vya mtandaoni vya waliokuwa kikosi kimoja. Hao wa kikosi kimoja wanaambiana kila kitu, nakwambia.

mtafiti_mchanga

Naandika yote haya. La mwisho, huyo mtafiti wa VA wa kunisimamia nampataje? Simjui hata mmoja.

kimbilio_data

VA wana vituo vyao vya utafiti wa huduma, na vingi vimeunganishwa na chuo kikuu cha jirani, kwahiyo anza na chuo chako, angalia walimu gani wana anwani mbili. Kuna kimoja kilianzishwa 2001 kiko Pittsburgh na Philadelphia ambacho kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa haya mapengo hasa, soma makala zao uone nani yuko karibu na presha au wanawake. Ukimwandikia usimtumie pendekezo la kurasa 30, nusu ukurasa inatosha: swali lako, madai gani unataka kuunganisha na faili lipi, na kwamba unajua hutatoa data nje. Hiyo sentensi ya mwisho itamfanya akujibu. Asipojibu wiki mbili mwandikie tena, wako bize sio kwamba wamekukataa.